Mwongozo wa IT kwa ofisi ndogo: gharama zishuke, intaneti isikusumbue na matapeli wasipate mlango

Kila wiki napigiwa simu na mtu mwenye duka au ofisi na maswali ni yaleyale, intaneti iko taratibu niongeze kifurushi gani, ninunue antivairasi ipi, mbona kila mwezi hela ya IT inatoka na sioni inaenda wapi, halafu kuna lile la mwisho ambalo mtu anauliza kwa sauti ya kulia kabisa: "fundi, faili zangu zote hazifunguki, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimeona niandike pamoja, ukitaka kumtumia mwenzako mtumie.

Hii ni kwa ofisi yenye kompyuta tatu mpaka ishirini hivi. Duka la jumla Kariakoo, hadiwea, kliniki, shule binafsi, ofisi ya kutoa mizigo bandarini, wakala wa mabasi. Nimeandika nikiwa Dar kwa hiyo mifano mingi ni ya huku kwetu, ila mtu wa Nakuru au Kampala naye itamfaa, abadilishe tu majina ya kampuni za simu.

Kitu kimoja nakuomba kabla hatujaanza. Usinunue chochote leo. Asilimia kubwa ya hasara ninazokuta maofisini hazijaletwa na kukosa kifaa, zimeletwa na vitu ambavyo havina mwenyewe, yaani laini iko kwa jina la mtu aliyeacha kazi, bakapu (nakala ya akiba ya faili) haijawahi kujaribiwa, leseni inalipiwa na hakuna anayeitumia. Ukianza kwa kununua unaongeza tu vitu vingine visivyo na mwenyewe.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari au faili la Excel, lolote unalolipenda
- Statimenti za miezi mitatu za benki na za simu ya ofisi, zote mbili, kwa sababu malipo mengi ya IT siku hizi yanapita kwenye simu
- Masking tepu na maka peni
- Paswedi ya kuingilia kwenye ruta (mara nyingi iko kwenye kibandiko chini ya ruta yenyewe)
- Jumamosi mchana moja ambayo hamna wateja
- Mtu mmoja wa ofisi ambaye kazi hii itakuwa yake. Si lazima awe amesomea kompyuta, namtaka anayefuatilia mambo. Sehemu nyingi ni dada wa uhasibu na anafanya vizuri kuliko kijana wa IT anayekuja mara moja kwa mwezi

Hatua ya 1: Jua una nini, na kiko kwa jina la nani

Zunguka ofisi na ile tepu mkononi. Kila waya unaoingia kwenye ruta au swichi ufuate mpaka mwisho wake, ukishajua unaenda wapi bandika kipande cha tepu na uandike: KAUNTA, PRINTA YA MHASIBU, KAMERA, CHUMBA CHA BOSI. Ni kazi ya kuinama chini ya meza na kula vumbi lakini ifanye. Kuna ofisi moja tulifuata waya mmoja tukaishia kwenye boksi la kamera nyuma ya kabati, kimodemu chenye laini kimechomekwa hapo, taa inawaka, bando linajiunga lenyewe kila mwezi, na kamera zenyewe zilishakufa siku nyingi. Hakuna aliyekuwa anajua. Hela ilikuwa inaenda tu.

Kwenye daftari weka safu tano: kitu gani, kilinunuliwa lini, nani anakitumia, kinalipiwa kiasi gani na tarehe ngapi, na kiko kwa jina la nani. Safu hiyo ya tano ndiyo watu wanairuka, na ndiyo inayoumiza kuliko zote.

Angalia hasa hivi vitu vinne: domeini ya kampuni (ile .co.tz au .com), imeili kuu iliyofungulia akaunti zote, laini ya simu yenye WhatsApp ya biashara, na laini ya kupokelea malipo. Namfahamu mama mmoja anauza sare za shule, domeini yake ilisajiliwa na kijana aliyemtengenezea tovuti, kwa imeili ya yule kijana. Kijana akahama nchi. Taarifa za kulipia upya zikawa zinaenda kwake, hazisomi, siku ya siku domeini ikaisha na imeili zote za kampuni zikanyamaza, katikati ya msimu wa kufungua shule, wakati shule zinatuma oda. Ilichukua wiki kadhaa kuirudisha na oda zilishaenda kwa wengine. Kwa hiyo leo hii mpigie aliyekutengenezea tovuti, mwombe domeini ihamishiwe kwenye akaunti yako na imeili yako, na ukiona anazungushazungusha ujue hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza wiki hii.

Kwa laini za simu, hapa Tanzania piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ya ofisi ikiwa kwa jina la mfanyakazi, siku mkikosana anaenda dukani anarenew laini kihalali kabisa, na WhatsApp yako na wateja wako wote vinaondoka naye. Laini inaweza kusajiliwa kwa jina la kampuni kwa nyaraka za kampuni, fanya hivyo.

Hatua ya 2: Kata kinachovuja

Kaa na statimenti zako za miezi mitatu na lile daftari. Kila malipo ya IT yaliyopo kwenye statimenti lazima yawe na mstari kwenye daftari, na yasiyo na mstari ulizia, ukikosa jibu sitisha uone nani atalalamika.

Sehemu ambazo hela inavuja sana:

Leseni za watu walioondoka. Chukulia mfano leseni ya imeili na Office ni shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kichwa, watu watatu waliacha kazi na hakuna aliyefuta akaunti zao, hiyo ni 60,000 kwa mwezi na 720,000 kwa mwaka, ya bure kabisa, na juu ya hapo zile akaunti bado zinafunguka kwa hiyo ni hasara na hatari kwa wakati mmoja. Halafu kumbuka leseni nyingi zinatozwa kwa dola, shilingi ikishuka bei yako inapanda hata kama hukuongeza mtu, weka kanafasi kwenye bajeti.

Tona na wino. Kabla hujanunua printa uliza bei ya tona yake na inatoa kurasa ngapi, ugawanye mwenyewe. Printa ya bei rahisi inakuja kukumaliza kwenye wino. Ofisi inayoprinti sana bora printa moja ya nguvu ya kushea kuliko vitano vidogo mezani kwa kila mtu.

Kompyuta. Laptopu ikiwa nzito usikimbilie kununua mpya, mara nyingi kuitoa diski ya zamani ukaweka SSD (diski ya kisasa yenye kasi) na kuongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ifike 8GB inairudisha kabisa, ni sehemu ndogo tu ya bei ya mpya. Ila angalia jambo moja: Microsoft walisitisha kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Hizi laptopu za mtumba zinazoletwa kwa wingi nyingi ni kizazi cha 6 na cha 7, zinaonekana nzuri, bei nzuri, halafu hazipandi Windows 11. Ukienda kununua soma namba ya prosesa: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-7200U ni ya 7. Tarakimu inayoanza baada ya kile kistari ndiyo inakwambia, na zikianza na 10 au 11 ni kizazi cha 10 au 11. Muuzaji akikwambia "hii nimekuwekea Windows 11 tayari" kwenye mashine ya kizazi cha 6, ujue imelazimishwa na apdeti kubwa zinaweza kuja kukataa.

Na unapolinganisha bei za wauzaji au za kampuni za intaneti uliza swali moja mapema: hii bei imejumlisha VAT au bado? Nimeona watu wanachagua ya "rahisi" kumbe haijajumlishwa.

Hatua ya 3: Pima intaneti kabla ya kuongeza kifurushi

Hapa ndipo watu wanapoteza hela nyingi kwa kukisia. Kwanza elewa kipimo. Kampuni inakuuzia megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Laini ya 10 Mbps (megabiti 10 kwa sekunde) inashusha kama megabaiti 1.25 kwa sekunde ikiwa safi kabisa, kwa hiyo faili la GB moja ni dakika 13 hivi ukiwa peke yako. Mkiwa watu sita mnagawana hiyohiyo.

Sasa pima hivi:

a) Chukua laptopu, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, zima waifai, watu wengine wote watoke kwenye mtandao. Fungua fast.com au speedtest.net, andika namba.

b) Pima tena saa 4 asubuhi ofisi ikiwa imejaa, na saa 10 jioni. Siku tatu.

c) Pima kwa waifai, ukiwa kwenye kila meza.

Ukiona (a) iko sawa na unacholipia ila (c) ni mbovu, shida ni waifai yako na kifurushi kikubwa hakitakusaidia chochote. Mara ngapi nimekuta ruta imefichwa ndani ya kabati la chuma au nyuma ya friji la soda kwa sababu "inaharibu muonekano". Itoe, iweke juu, katikati ya ofisi. Kompyuta ambazo hazihami, kama ya kaunta na ya mhasibu, zivutie waya na uache waifai kwa simu na laptopu.

Ukiona hata (a) iko chini sana ya unacholipia, hapo una haki ya kuwapigia kampuni, na hizo namba zako za siku tatu zenye saa na tarehe ndizo zitakusaidia, maana bila namba watakwambia tu "zima washa".

Ukiona (a) nzuri ila (b) inaanguka, kuna kitu kinakula. Ingia kwenye ruta uangalie vifaa vilivyounganishwa. Mara nyingi ni simu za wafanyakazi zinapandisha picha na video kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni), na apdeti za Windows zinashuka kwenye mashine zote kwa pamoja asubuhi. Tengeneza waifai ya wageni uiwekee kikomo cha spidi, simu zote ziende huko. Kama unatumia bando la kupimwa kwa GB, nenda kwenye setingi za mtandao za Windows uiambie hiyo ni laini ya kupimwa, itaacha kushusha mizigo ovyo. Apdeti zenyewe usizizime, zipangie tu muda, nitaeleza hapa chini kwa nini.

Hatua ya 4: Weka njia ya pili, ya kweli

Njia ya pili haina maana ikiwa inapita palepale. Ukiwa na faiba ya kampuni A na faiba ya kampuni B zote kwenye nguzo moja, greda la barabara likipita umekosa zote. Faiba iwe kuu, ya akiba iwe laini ya simu ya kampuni nyingine kwenye ruta ya 4G au 5G. Kama bajeti inaruhusu nunua ruta inayopokea njia mbili na kuhama yenyewe moja ikifa, kama hairuhusu basi kimodemu kiwepo drooni kimechajiwa na mtu mmoja ajue kukiwasha.

Kosa la kawaida: laini ya akiba haina bando. Siku ya siku ndiyo mtu anaanza kutafuta vocha. Kila tarehe 1 ya mwezi chomoa faiba kwa makusudi dakika kumi, uone ofisi inaendeleaje.

Na ujue kuna siku zote mbili zitasumbua. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania pamoja na majirani intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa bila kujali uko kampuni gani. Duka ambalo lilikuwa na orodha ya bei na namba za wateja kwenye kompyuta yenyewe liliendelea kuuza. Lililoweka kila kitu kwenye wingu pekee lilikaa likiangalia kidude kinazunguka. Kwa hiyo orodha ya bei, ya madeni na ya mawasiliano iwe na nakala inayofunguka bila mtandao.

Hatua ya 5: Umeme

Fupi tu. Ruta na kile kiboksi cha faiba viwekee UPS (boksi la betri linaloshika umeme ukikatika) ndogo ya peke yake, vinakula umeme kidogo sana na vitakaa muda mrefu. Kompyuta ya kaunta na ya mhasibu nazo ziwe na yake. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS kamwe, ikipasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla na inaiua UPS. Betri ya UPS inachoka baada ya miaka miwili mitatu hivi, ikianza kuzima baada ya dakika moja badilisha betri, usitupe UPS nzima.

Hatua ya 6: Funga milango

Anza na ruta kwa sababu inachukua robo saa. Badilisha paswedi ya kuingilia kwenye setingi (ile admin admin kila mtu anaijua), badilisha ya waifai, kwenye usalama wa waifai chagua WPA2 au WPA3, zima WPS (ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe), na angalia kama kuna apdeti ya ruta yenyewe. Paswedi ya waifai ya ofisi wateja wasipewe, wana ya kwao ya wageni.

Halafu paswedi za akaunti. Kila akaunti paswedi yake, ndefu. Maneno manne matano yasiyohusiana ni magumu kuvunja na ni rahisi kukumbuka kuliko Simba@2024 ambayo kila mtapeli ataanza nayo. Tumia apu ya kutunzia paswedi, Bitwarden au KeePass zina za bure. Nilishakuta kalenda ya ukutani ina paswedi ya imeili ya kampuni imeandikwa kwa peni nyekundu pembeni ya tarehe, na kiti cha wageni kinaitazama hiyo kalenda.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye vitu vinne leo, usisubiri kesho: imeili kuu, WhatsApp, akaunti ya benki ya mtandaoni na akaunti ya domeini. Kwa WhatsApp ni setingi, akaunti, uthibitisho wa hatua mbili, unaweka namba sita za siri na imeili ya kujiokolea. Ile meseji ya namba sita inayokuja kwenye simu hapewi mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni ya simu, hata akijua jina lako na la mtoto wako.

Sasa Windows na kraki. Najua programu zilizovunjwa leseni zimejaa, najua bei za halali zinauma. Ila ile programu ya kuondoa leseni, kabla haijafanya kazi inakuomba uzime antivairasi. Fikiria hapo: mtu usiyemjua anakwambia mwondoe mlinzi getini ndipo aingie. Kama hela haipo tumia za bure halali, LibreOffice inafungua Word na Excel, kompyuta kuukuu inaweza kuwekewa Linux Mint, na antivairasi iliyokuja na Windows yenyewe inatosha kwa ofisi nyingi ilimradi iwe imewashwa na inaapdetiwa.

Kuhusu apdeti, mfano ni WannaCry, virusi vya kufunga faili na kudai hela. Ilipiga dunia nzima Mei 2017, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi, miezi miwili nyuma. Mashine nyingi zilizoumia hazikuwa zimewekewa tu. Panga apdeti zishuke Ijumaa jioni watu wakitoka.

Hatua ya 7: Bakapu, na hapa naomba usome taratibu

Kanuni ni nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ndogo inakuwa hivi: faili zenyewe kwenye kompyuta, diski ya nje, na ya tatu kwenye wingu au diski ya pili inayolala nyumbani kwa bosi.

Diski ya nje isikae imechomekwa. Nimekaa na mzee mmoja wa ofisi ya mizigo, alikuwa na bakapu, diski nzuri ya 2TB, ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ya mhasibu usiku na mchana ili "ijifanyie yenyewe". Virusi vya kufunga faili vilipoingia kupitia invoisi ya uongo vilifunga kompyuta na vikaifunga na ile diski, kwa sababu kwa macho ya virusi ni folda nyingine tu. Mzee akawa anafungua faili moja moja, kila moja lina mkia wa herufi zisizoeleweka, anafunga, anafungua linalofuata, kama vile moja litakuwa limepona. Miaka sita ya kazi. Kwa hiyo nunua diski mbili, Ijumaa moja unachomeka ya kwanza, ikimaliza unachomoa, Ijumaa inayofuata ya pili.

Mara moja kila miezi mitatu rudisha faili kutoka kwenye bakapu ulifungue, uone lina data ya wiki iliyopita na si ya mwaka juzi.

Hatua ya 8: Watu na malipo

Utapeli unaomaliza ofisi huku kwetu hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Imeili inakuja kutoka kwa msambazaji wako wa siku zote, ina nembo yake, inasema "tumebadilisha akaunti ya benki, malipo ya mzigo huu lipieni hapa". Weka sheria ofisini: akaunti ikibadilika hakuna malipo mpaka umpigie kwa namba uliyokuwa nayo zamani, siyo iliyoandikwa kwenye hiyo imeili. Na bosi mwenyewe aifuate, maana mhasibu akishazoea kulipa kwa meseji ya "nipo kwenye kikao, lipa haraka", siku tapeli akijifanya bosi atalipwa.

Kaunta naye afundishwe kuangalia salio au orodha ya miamala, siyo meseji aliyoonyeshwa na mteja. Meseji za kitapeli zinazoingia kwenye simu, hapa Tanzania zitume kwenda 15040.

Mfanyakazi akiondoka, siku hiyohiyo: akaunti zake zifungwe, paswedi za waifai na za pamoja zibadilishwe, atoke kwenye magrupu ya WhatsApp, laptopu na laini virudi. Hata kama mmeagana kwa soda na picha.

Na kama unatunza taarifa za wateja, majina, namba za simu, vipimo vya wagonjwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuna Tume ambayo unatakiwa kujisajili kwayo. Wakenya wana ya kwao ya 2019. Kliniki na shule msilichukulie hili juujuu.

Mambo yakiharibika

*Intaneti imekufa.* Fungua kile kidirisha cheusi cha cmd uandike ping 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako). Haijibu? Shida iko kati ya kompyuta na ruta, angalia waya au waifai. Ikijibu andika ping 8.8.8.8. Isipojibu hiyo, shida ni ruta au kampuni, angalia taa ya faiba, ikiwa nyekundu usihangaike na setingi, wapigie. Ikijibu 8.8.8.8 lakini tovuti hazifunguki, shida ni DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba), badilisha kwenye ruta uweke 8.8.8.8 na 1.1.1.1.

*Intaneti ipo ila ni nzito kwa mtu mmoja tu.* Ni kompyuta yake, siyo laini. Angalia programu zinazojiwasha na kama diski imejaa.

*WhatsApp ya ofisi imechukuliwa.* Isajili upya kwenye simu yako kwa namba yako, ukishaingiza ile namba sita inayokuja kwa meseji mwizi anatolewa. Kama ameshaweka namba zake sita za siri utasubiri siku 7, ila kwa muda huo naye anakuwa ametoka. Wapigie wateja wakubwa kwa sauti uwaambie wasitume hela.

*Imeili zako zinaangukia spamu.* Mwombe kampuni inayokutunzia tovuti na imeili akuwekee SPF, DKIM na DMARC kwenye domeini, ni alama za kuthibitisha kwamba imeili imetoka kwako kweli. Mtajie hivyo hivyo, ataelewa.

*Umeshalipa kwa tapeli.* Piga benki au kampuni ya simu hapohapo uombe muamala uzuiwe, kila dakika ina maana hapa. Halafu polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), benki wataitaka.

*Faili hazifunguki na kuna ujumbe wa kudai hela.* Chomoa waya wa mtandao na zima waifai kwenye mashine hiyo, kisha na nyingine zote. Usichomeke diski ya bakapu kuangalia kama imepona, nayo itafungwa vilevile. Piga picha ule ujumbe kwa simu. Usilipe, hakuna anayekuhakikishia kwamba utapewa ufunguo. Kwa kompyuta nyingine iliyo safi ingia nomoreransom.org, ni mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama, una funguo za bure za baadhi ya virusi hivi, pandisha faili moja iliyofungwa uone kama ufunguo wake upo. Usipokuwepo, nakili zile faili zilizofungwa kwenye diski tupu uziweke, ufunguo unaweza kutoka baadaye. Mashine ifutwe yote, iwekwe Windows upya, paswedi zote zibadilishwe kutoka kwenye mashine safi, na baada ya hapo tu ndipo unachomeka bakapu na kurudisha, ukianza na hesabu na mishahara.